Uzi wa Mguu wa Lydiah

Maringo, Nairobi
4 Machi 1984

Wifi yangu Khavere,

Pokea salamu zetu. Sisi ni wazima, ila ndugu yako Andati ana kikohozi cha vumbi la kiwandani, nami kiwiko kinaniuma tangu niangushwe kwenye foleni ya mafuta ya taa. Wewe ukoje? Goti lako je? Tangu tuagane kituoni Chavakali mwezi wa kwanza sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako. Nasema labda Mwalimu Patrobas amezikalia barua zetu pale shuleni kwake. Mwambie hazitaanguliwa.

Huku tunaishi kwa ujanja. Redio yetu na ya Mama Kimeu wa chumba cha pili tumezioanisha: wiki hii wanatia betri wao, wiki ijayo sisi, na ukuta ulivyo mwembamba hakuna anayekosa salamu. Betri zikichoka tunazianika juani, zinapata nguvu ya siku mbili. Vumbi la makaa silitupi tena, nalikanda na udongo mwekundu, nafanya madonge, na donge moja linachemsha maharagwe hadi yaive. Jumapili ndiyo siku yetu ya chai ya maziwa matupu na tangawizi. Siku nyingine maziwa tunayapitisha tu juu ya chai iyaone.

Sasa nikwambie kilichonikalisha chini. Lydiah wetu alikuja huko na miaka miwili na nusu, kifua kikimsumbua kwa moshi wa chumba hiki. Mama yenu, Mungu amlaze pema, alisema tumwachie miezi mitatu ya maziwa na hewa safi. Miezi mitatu imekuwa miaka minne. Mama amekwenda, mtoto amebaki kwako, na umemlea vizuri, sina neno. Lakini Januari ijayo anaingia darasa la kwanza, nami nataka aingilie hapa. Aje Agosti, apate kuzoea. Mwalimu Patrobas huja kumwona kaka yake kila likizo, atamshika mkono. Wifi, Mungu ametupa huyu mmoja tu, na mimi nimechoka kuwa mama wa Krismasi.

Najua hutakubali mtoto wa kaka yako apande basi miguu mitupu. Viatu nitamtafutia Gikomba. Nitumie uzi wa mguu wake, kisigino hadi kidole gumba. Ule wa sufu nyekundu niliompimia ndara Krismasi bado nimeutundika kwenye msumari juu ya kitanda, lakini mtoto hukua.

Mimi wako,
Njoki


Kwetu, kupitia S.L.P. ya shule
29 Machi 1984

Mke wetu Njoki,

Nimeipata barua yako jana, Mwalimu aliileta kanisani akanipa mbele ya watu, kwa hiyo kijiji kizima kimejua nimeandikiwa. Pole kwa kiwiko. Kichue kwa maji moto na chumvi. Na Andati mwambie kikohozi ni cha kutofunika kifua, tangu utotoni alikuwa hasikii. Goti langu liko, linakwenda linaposukumwa.

Mvua imeanza. Tumepanda. Mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele kwa siku moja, akayatupa juu ya paa la nyumba ya marehemu mama, sasa kila asubuhi anatoka nje kutazama kama yamemwotea huko juu. Amejifunza kumenya njugu, ingawa zinazofika kwenye ungo ni chache kuliko zinazofika tumboni. Kuna kuku wangu mmoja mweusi asiyekubali kushikwa na mtu ila yeye. Jioni hukaa naye mapajani kama mwanamke mwenye mtoto, anamsimulia habari. Huku wengi wanamwita Kageha, jina la bibi yetu, naye anaitika.

Jana alikohoa kidogo nikamtilia asali. Si kitu.

Uzi huo ndani ya bahasha, ni wa katani. Usimchagulie viatu vyenye visigino vya mbao, huku ni matope.

Habari ya Agosti tutaona Mungu atakavyojalia.

Wifi yako,
Khavere


Maringo
6 Mei 1984

Wifi mpendwa,

Salamu tena, na asante kwa uzi. Natumaini barua hii itakukuta Mwalimu ameshakufikishia mfuko wenye viatu. Alilala kwa kaka yake Pasaka nzima, na asubuhi ya kuondoka akapita hapa kunywa chai.

Hivyo viatu nimevipigania, wifi. Gikomba pale kwenye njia ya maseremala kuna mtu aitwaye Wanyoike, anauza viatu vya watoto vya mitumba, anavipanga juu ya gunia wawili wawili kama watu wa harusi. Nikampa uzi wako. Akaunyoosha, akauliza, "Mama, huyu mtoto ako na miaka ngapi?" Nikamwambia sita na nusu. Akacheka, "Hii mguu ni ya miaka nne. Si urudi ukapime tena, usiniharibie siku." Mimi nikampandia juu! Nikamwambia anataka kuniuzia kikubwa kwa bei kubwa, kwamba watu wa kwetu wana miguu midogo ya adabu, na kwamba uzi umepimwa na shangazi wa mtoto mwenyewe, mtu wa kanisa. Watu wakakusanyika. Mwishowe akasema, "Chukua basi, mama, lakini usirudi hapa kulia." Ni vyeusi, vya kamba, soli nzima kabisa. Nilivipaka mafuta ya taa kidogo na masizi hadi nikajiona usoni.

Na kitanda! Andati anamtengenezea kitanda cha chini, kile cha kuvuta. Mchana kinaingia chini ya kitanda chetu, jioni unakivuta kama droo. Mbao ni za makasha ya mashine, ubavuni bado zimeandikwa herufi za wazungu na alama ya glasi kwamba usipindue. Nimesema alama hiyo isisuguliwe, ni maneno mazuri kwa kitanda cha mtoto. Pazia la kugawanya chumba nimeshona kwa mifuko ya unga, nikaitia rangi ya chai.

Sikai nikatulia siku hizi. Naosha sahani iliyooshwa. Natoka mlangoni, narudi. Mama Kimeu ananiuliza, "We Njoki, unangoja mkaguzi wa kanjo la jiji ama?" Namwambia nangoja mwenye nyumba.

Mwambie Lydiah avijaribu viatu, aniambie kama vinambana.

Njoki


Kwetu
12 Juni 1984

Njoki,

Hatujambo. Mahindi yamefika kiunoni, maharagwe tumeanza kuchuma. Mbuzi wa Mwalimu Patrobas ameingia kwenye mboga zangu mara mbili na mara zote mbili Mwalimu akasema si wake.

Viatu vimefika. Ni vizuri, na kung'aa vinang'aa. Lakini havikuingia. Nilijaribu kwa sabuni, nikajaribu kwa unga, kisigino kikabaki nje. Nadhani mtoto amekua kati ya uzi na viatu, mvua hii imekuza kila kitu. Nimevipa kanisa kwa mtoto wa mjane mmoja. Usikasirike.

Nimekuwekea uzi mwingine.

Nasikia huko Nairobi mnauziwa unga wa njano. Binti wa jirani amerudi kutoka huko akasema unanuka, na ugali wake haushikani. Ni kweli? Huku bado tunasaga mahindi yetu meupe. Lydiah hali ugali kama si laini, na samaki lazima nimtolee miiba. Maziwa anakunywa asubuhi na jioni. Nakwambia tu, si kwa ubaya. Haraka haraka haina baraka, na Agosti si mwisho wa miezi.

Ndugu yangu yuko kazini vizuri? Kazi yake hukuitaja.

Khavere


Maringo
8 Julai 1984

Wifi,

Sisi wazima. Andati yuko. Anakusalimu.

Unga wa njano ni kweli. Ukiuchanganya na mtama kidogo unashikana vizuri, na harufu inaisha ukiuzoea. Hatujalala njaa hata siku moja.

Uzi umefika. Safari hii kabla ya kwenda kwa Wanyoike niliutundika kwenye msumari pamoja na ule mwekundu wa Krismasi ili usipotee. Nikarudi nyuma nikatazama. Nikaushusha, nikaunyoosha mezani, nikaulinganisha. Wako wa Juni ni mfupi kuliko wangu wa Desemba, kwa upana wa kidole.

Niliosha vyombo vyote upya ndipo nikakaa kukuandikia. Sijui niulize nini. Mguu wa mtoto haurudi nyuma. Je, ni mgonjwa? Kama mtoto wangu ni mgonjwa niambie, wifi, hata kama ni jambo zito. Kama si mgonjwa, niambie pia.

Mwalimu Patrobas anaondoka huko tarehe sita Agosti. Kitanda kimekwisha.

Njoki


Maringo
2 Septemba 1984

Khavere,

Nimengoja barua yako wiki nane. Agosti imekwisha.

Tarehe saba nilikwenda kituo cha mabasi ya nyumbani tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilivaa gauni langu la harusi ya dada yangu. Basi lilipoingia nikamwona Mwalimu Patrobas akishuka na gunia begani, na nyuma yake akashuka mwanamke mnene, na nyuma yake jogoo, na nyuma yake hakuna mtu tena. Nilichungulia ndani ya basi mpaka utingo akaniuliza nimepoteza nini. Mwalimu akanitazama, akasema, "Mama Lydiah, shangazi yake amesema bado kidogo." Akanipa gunia. Mahindi meupe, njugu, na chupa ya asali. Nilitaka kulitupa hapo hapo barabarani. Sikulitupa, kwa sababu chakula hakitupwi, nami nilichukia kwamba sikulitupa.

Nilikuwa nakuheshimu. Ulipokuja kunipokea nilipoolewa, msichana wa Murang'a asiyejua hata neno moja la lugha yenu, ni wewe uliyenionyesha jikoni. Ukanipa mwiko mkononi ukasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini yako tutaikata leo." Sijasahau. Ndiyo maana sikukudhania kitu hadi uzi uliponiambia. Umenidanganya mara mbili, wifi, na sitaki tena kujifanya sijui. Unamzuia mtoto wangu. Nimemgombeza mfanyabiashara wa watu Gikomba kwa ajili yako, nikamwita mwizi mbele ya watu, kumbe yeye ndiye aliyesema kweli. Juzi nilirudi kumwomba msamaha. Akasema tu, "Si nilikuambia, mama?" akanipa kipande cha muwa.

Njugu zako tumezila. Zilikuwa tamu. Nimezikasirikia nikizila.

Mama Lydiah


Kwetu
14 Oktoba 1984

Mke wetu, Mama Lydiah,

Barua yako nimeisoma peke yangu nyuma ya ghala. Mwalimu safari hii hakunipa kanisani, aliniletea nyumbani, na hakungoja chai.

Lydiah hana ugonjwa wowote. Anakula, anakimbia, anajibu watu wazima vibaya. Usiwe na hofu hiyo. Nisamehe kwa kuiacha ikae kwako wiki zote hizo.

Ni mimi. Uzi niliukata mimi kwa wembe, wa kwanza na wa pili. Nilijua viatu visipoingia hataondoka, kwa sababu ni mimi mwenyewe niliyesema mtoto wetu hasafiri miguu mitupu. Uliponiuliza nikakosa la kukujibu, nikanyamaza. Kuku mweusi nilimuuza Agosti ili nisione mtu akikaa naye mapajani halafu nisimwone tena. Lydiah alilia siku tatu, nikaenda nikamnunua tena kwa bei ya juu. Ndivyo nilivyo mjinga.

Mimi sikujaliwa, unajua. Nilirudishwa kutoka kwa mume kwa sababu hiyo, na mama akanipokea. Mama alipokufa nyumba ingebaki kimya kama si sauti ya huyu mtoto akiuliza mambo. Ananiita mama. Sikumfundisha, lakini sikumkataza pia.

Sasa na wewe nikwambie jambo. Mwalimu Patrobas baada ya Pasaka aliniletea viatu na habari. Alisema alipita kwenu siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, akamkuta ndugu yangu nyumbani akipiga randa mbao. Mtu mwenye kazi hayuko nyumbani Jumatano saa nne. Nilikuuliza mwezi wa sita, ukanijibu "Andati yuko." Nilijua "yuko" hiyo. Nikasema, hawa wananificha, na mtoto anakwenda kula unga wa njano kwa watu wasio na kazi. Simaanishi kwamba hilo linanipa haki. Mgala muue na haki mpe, na haki ni yako.

Nitamleta mwenyewe Januari, shule zikikaribia kufunguliwa. Viatu usinunue. Nitamnunulia sokoni huku kwa mguu wake wenyewe, si kwa uzi.

Usimwambie Andati habari ya wembe. Nitamwambia mwenyewe nikimwona usoni.

Khavere


Maringo
4 Novemba 1984

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara nne.

Ni kweli. Tangu mwezi wa nne kiwanda kinamwita Andati siku tatu tu kwa wiki, na wiki nyingine mbili. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utasema ulivyosema. Siku nyingine anatengeneza stuli na meza ndogo, anazipeleka Gikomba mkokotenini. Mama Kimeu alipokiona kitanda cha Lydiah naye aliagiza kimoja, na shemeji yake kingine. Hatujawa matajiri, lakini ndugu yako ameacha kukaa mlangoni akitazama viatu vya wapita njia. Siku ya kwanza alipoleta nyumbani pesa ya kitanda tulinunua kichwa cha mbuzi kutoka Kiamaiko, tukachemsha supu tangu mchana, tukawaita majirani wote wa mlango huu. Ningetaka uwe nasi siku hiyo. Nilikuwa bado nimekukasirikia na bado nilitaka uwepo.

Mlete. Usinunue viatu. Mlete miguu mitupu, mimi pia niliingia Nairobi miguu mitupu na mji haukuanguka. Nitampima mimi.

Njoki


Kwetu
20 Januari 1985

Mke wetu,

Nimefika salama. Basi lilipata pancha Naivasha, tukakaa majanini tukila mayai ya watu.

Samahani kwamba nililala kwenu siku mbili tu. Mlinihimiza, lakini nilipoona kile kitanda kikivutwa jioni na mtoto akiingia ndani yake kama mkate kwenye tanuri, nikajua nikikaa siku ya tatu nitamrudisha. Ulikuwa mlangoni ulipotuona nikimwosha miguu kwa maji ya chupa, pale kwenye bomba la umma kabla hatujagonga. Sikutaka aingie kwenu na vumbi langu.

Huku shwari. Mwalimu amekubali kwamba mbuzi ni wake. Kuku mweusi amejificha kuatamia mahali nisipopajua. Asubuhi bado nachota maji ya watu wawili, ndipo nakumbuka.

Sina la kuuliza. Ukipata nafasi niandikie.

Khavere


Maringo
17 Februari 1985

Wifi yangu Khavere,

Salamu zetu sote watatu. Kiwiko kimepona, chumvi yako imefanya kazi. Andati sasa ana vitanda sita vya kutengeneza, na kiwanda kimemwongeza siku moja, analalamika kwamba kinamsumbua.

Nitakuambia kila kitu, maana tumefichana ya kutosha.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Ananiita "Mama wa Nairobi". Wewe ndiwe "Mama". Ugali wa njano aliutazama akauliza nani ameukojolea, Andati akacheka mpaka akakohoa, mimi nikaenda nje. Jioni anauliza kesho ni siku ya kwenda nyumbani? Nikimjibu hapa ndipo nyumbani, anakwenda kumuuliza tena Mama Kimeu, labda yeye ana jibu zuri zaidi. Shule anaipenda kwa sababu ya maziwa ya pakiti. Anakunywa nusu, nusu ananiletea mfukoni. Sijui kama ananiletea mimi au anayaweka kwa safari. Nayapokea.

Ameanza shule na ndara, na mwalimu wake, Bibi Nzuki, akatuma karatasi kwamba anatakiwa avae viatu vyeusi. Jumamosi iliyopita nikasema nimpime kabla ya kwenda kwa Wanyoike, kwa sababu Lydiah alikuwa na homa kidogo na Gikomba ni matope matupu. Nikakata sufu nyekundu, nikailaza sakafuni, nikamwambia akanyage.

Akakanyaga, na hapo hapo akakunja vidole vyote vya mguu ndani kama ngumi. Nikamwambia, "Nyoosha." Akanyoosha. Nilipoinama na uzi, akakunja tena.

Nikamuuliza, "Mbona unakunja?"

"Ndiyo nisiende."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu. Nilijua mwenyewe. Viatu vikikuwa vidogo hakuna kwenda. Mama aliona nikikunja, akasema simama vizuri. Nikakunja tena. Akanyamaza. Akakata uzi hapo hapo."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili hakuniambia kitu. Alikuwa analia tu."

Wifi, nilikaa sakafuni nikalia mbele yake, sikujificha. Uliniandikia kwamba ni wewe uliyepunguza uzi kwa wembe. Wembe ulikuwa wako, sawa, na kunyamaza kulikuwa kwako. Lakini aliyeupunguza ni mtoto wangu mwenyewe, kwa vidole vyake, kwa sababu hakutaka kuja kwangu. Ukajua, na hukuniandikia. Ukaona afadhali nikuite mwongo kuliko nijue hilo. Mimi nikakuita mwongo, nikakuandikia ile barua ya Septemba, nawe ukaisoma nyuma ya ghala ukakubali yote. Naona aibu. Nimekasirika pia, kidogo, kwa sababu ningetaka kujua. Lakini aibu ni kubwa zaidi.

Lydiah alinipangusa uso kwa kona ya pazia la unga. Kisha akauliza, kwa ukali kabisa, kama wewe ukiuliza habari ya mbuzi, "Sasa hii uzi ni ya kunipeleka wapi?"

Nikamwambia ni wa kumpeleka shule, na jioni kumrudisha hapa. Na Aprili, shule zikifungwa, ni wa kumpeleka kwa Mama Khavere likizo nzima, Mwalimu Patrobas akimshika mkono. Na Mei ni wa kumrudisha.

"Na Agosti?"

"Na Agosti."

"Na Mama atakuja hapa siku gani?"

Nikasema hilo lazima tukuulize wewe. Akafikiri. Nakwambia alifikiri muda mrefu, donge la makaa likapasuka jikoni, na Mama Kimeu akazima redio ng'ambo ya ukuta ili asikie vizuri. Halafu Lydiah akauweka mguu juu ya uzi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wifi, na yangu ni wewe uliyeikata. Yake tutaikata wawili. Njoo mwezi wa tano ukimrudisha, na usilale siku mbili. Andati amesema kitanda cha kuvuta kinaweza kutengenezwa kirefu.

Viatu tumenunua. Wanyoike alipouona uzi alisema, "Leo mama amekuja na mguu wa ukweli," akatupunguzia. Ndani ya bahasha nimekuwekea uzi wenyewe. Usinunue kitu nao, utundike tu kwenye msumari pale ulipokuwa ukitundika taa. Kila mwisho wa muhula nitakutumia mwingine, uone anavyokua.

Ananiuliza naandika nini. Nimemsomea. Anasema nimalizie kwa kukuambia kwamba huu hakukunja.

Wifi yako,
Njoki